Vitabu Vitakatifu Katika Simu Havina Budi Kusomeka

Hivi karibuni nilimsindikiza Kariakoo mzee mmoja aliyevuka bahari kutoka Unguja kwa boti ya asubuhi. Mzee huyo ni Mkristo, naye amekuwa msomaji wa masomo katika kanisa lake kwa zaidi ya miaka thelathini. Udugu wetu ni wa ujirani wa wazazi wetu, si wa dini. Haja yake ilikuwa moja tu: simu yenye Biblia ya Kiswahili ndani yake. Biblia yake ya karatasi imechakaa, na herufi zake hazionekani tena kwa macho aliyo nayo, na wajukuu zake walimwambia kwamba katika simu herufi hukuzwa kadiri mtu apendavyo.

Tulipanda kutoka bandarini, tukapita Mnazi Mmoja, tukashika Mtaa wa Uhuru mpaka Msimbazi, tukaliacha upande mmoja jengo la soko lililochorwa na Ndugu Beda Amuli, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, likaungua mwaka 2021. Katika duka moja la simu tulipokewa na kijana mwenye adabu. Alimwamkia mzee shikamoo, akamwekea kiti, na kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa alikuwa amekwisha kuiingiza Biblia nzima katika simu. Bei ilikubalika. Mzee akavaa miwani, akasema anataka kuijaribu kabla hajatoa fedha, kama ambavyo mtu angewasha taa ya dukani kabla ya kuinunua.

Jumapili iliyofuata somo lake lilikuwa habari za Musa na kijiti kilichowaka moto. Aliandika "Musa" kwa kidole kimoja, polepole, akabonyeza alama ya kutafutia. Simu ikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna kilichopatikana. Akaandika tena, akidhani amekosea. Jibu likawa lile lile. Mzee akamtazama kijana, akauliza, "Kwa hiyo Musa hayumo humu?" Kijana akafikiri kidogo, akajibu kwa heshima zote, "Labda uandike kwa Kiingereza, mzee wangu."

Tulicheka pale dukani, na mzee alicheka kutushinda. Lakini jambo lenyewe halichekeshi, wala si la mzee mmoja. Sababu ya Musa kupotea ni nyepesi kwa anayeijua. Tafsiri iliyokuwa ndani ya simu ile ni ya Habari Njema, ambayo Biblia yake kamili ilitoka katika miaka ya 1990, na watafsiri wake walichagua kuandika Mose, Abrahamu na Yosefu. Mzee wangu amelelewa na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, yenye Musa, Ibrahimu na Yusufu. Tafsiri zote mbili ni Kiswahili, na kila moja ina heshima yake na wasomaji wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia programu kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kazi hiyo ingemchukua kijana aliyesoma kompyuta siku chache tu, na haikufanywa kwa sababu waliotengeneza programu hawakuwahi kukaa na msomaji wa Kiswahili wakamtazama anavyosoma.

Napenda niseme mapema kwa nini kada wa Chama, tena mtu aliyeanzia chuoni kwa ubao na juzuu kabla ya kuingia shule ya Serikali, anaandika habari za Biblia katika simu. Kwanza, Msahafu katika simu una matatizo ya jamii hiyo hiyo, nami nitayafikia. Pili, jambo ninaloliona hapa ni la kusoma na kuandika, na katika nchi hii kusoma na kuandika hakukuwa kamwe jambo la mtu binafsi.

Wazee wetu wengi walijua kusoma ukubwani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka uliofuata wilaya sita zilichaguliwa zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Mafia na Ukerewe, visiwa vyote viwili, vilikuwamo katika hizo sita. Watu walisoma chini ya miembe na katika vibanda vya samaki, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Waliobaki hai kati yao sasa ni wazee kabisa. Tukiwa wakweli tutakiri kwamba wengi wao hawasomi gazeti kila siku, wala riwaya, wala waraka wa Serikali. Wanachosoma kila siku, au kila wiki, ni kitabu cha dini yao. Hicho ndicho kinachouweka hai ule usomaji walioupata kwa jasho la taifa zima. Siku kitabu hicho kitakapohamia katika kioo kisichosomeka, mzee ataifunga simu, atamwambia mjukuu amsomee, na baada ya miaka michache atakuwa amerudi alikotoka.

Sasa tuyatazame maradhi yenyewe.

Herufi ndilo la kwanza kuonekana, na kwa bahati ndilo jepesi. Mimi mwenyewe, ambaye sijafika hamsini, nimeanza kulisogeza gazeti mbali na uso, na hivyo ndivyo yanavyokuwa macho ya karibu kila mwanadamu apitapo miaka arobaini. Simu nyingi zinazouzwa Kariakoo kwa bei ya mwananchi wa kawaida zina kioo kidogo na mwanga dhaifu, hasa juani. Programu nyingi huruhusu herufi kukuzwa, lakini mahali pa kuzikuzia pamefichwa ndani ya vyumba vitatu, na kila mlango umeandikwa Kiingereza. Wengine hukuza maneno ya kitabu lakini majina ya vitabu na namba za aya hubaki kama sisimizi. Namba ya aya nayo hubandikwa kwenye neno la kwanza bila nafasi, hata msomaji akaisoma kana kwamba ni sehemu ya sentensi. Kuna rangi ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo bila shaka hupendeza machoni pa kijana aliyeichora akiwa ofisini penye kivuli. Haya hayahitaji utafiti, yanahitaji huruma tu.

La kutafuta ndilo zito, na hapa naomba subira ya msomaji kidogo, kwa kuwa ndipo Kiswahili chetu kinapodhulumiwa bila mtu kukusudia.

Programu hizi zilibuniwa kwa lugha ambazo neno husimama peke yake, na likibadilika hubadilika mkiani. Kiswahili hakiendi hivyo. Kitenzi chetu huvaa nguo mbele na nyuma. Chukua neno "samehe". Katika kitabu utalikuta likiwa nimekusamehe, atawasamehe, wasiposamehewa, tusameheane, husamehe. Mtu akiandika "samehe" katika programu inayotafuta neno zima, hataletewa hata moja kati ya hayo. Nyingine huonekana kuwa na akili zaidi, kwa kuwa hutafuta herufi hizo popote zilipo, hata katikati ya neno. Hizo zitakuletea yote niliyoyataja, lakini hazitakuletea "msamaha", kwa sababu irabu zimegeuka. Mtu anayetaka kujua kitabu chake kinasema nini juu ya kusamehe ataondoka na nusu ya jibu akidhani ni zima. Ndivyo ilivyo kwa tubu na toba. Ndivyo ilivyo kwa penda, upendo na mpenzi, ambayo kila mtoto wa darasa la tatu anajua kuwa ni wa ukoo mmoja.

Na kutafuta herufi popote zilipo kuna vichekesho vyake. Jioni ile nyumbani niliijaribu simu ya mzee kwa neno "imba", nikitaka kuona maneno ya nyimbo katika Zaburi. Nililetewa kuimba, nikaletewa waimbaji, na katikati yao wakaja simba kwa wingi, kisha miguu iliyovimba. Programu haikukosea kwa hesabu yake, maana herufi zile zimo. Lakini hakuna mwalimu wa madrasa wala katekista ambaye angemjibu mwanafunzi wake hivyo.

Kuna na hili la ng'ombe. Alama tunayoiweka juu katika ng'ombe, ng'ambo na kung'aa ina sura zaidi ya moja katika kompyuta: ipo iliyonyooka, ipo iliyopinda kulia, ipo iliyopinda kushoto. Kwa jicho la mtu ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbalimbali kama a na b. Aliyepiga chapa kitabu alitumia iliyopinda, simu ya msomaji huandika iliyonyooka, basi ng'ombe wote wa Ibrahimu wametoweka malishoni. Wenzetu wa lugha nyingine wamekwisha kuyatatua mambo ya namna hii kwa lugha zao, kwa kuifundisha programu ihesabu alama hizo kuwa kitu kimoja. Kwetu sisi hakuna aliyedai.

Msomaji wa zamani alikuwa na dawa yake. Ilikuwa ni itifaki, ile faharasa ya maneno iliyopangwa na watu walioijua lugha, ambayo chini ya neno moja ilikusanya ndugu zake wote na kuonyesha sura na aya. Ilitungwa kwa mkono, karata kwa karata. Ni ajabu kidogo kwamba mashine inayoweza kupitia kitabu kizima kabla hujapepesa jicho inashindwa na karata zile.

Kuhusu njia za kupita ndani ya kitabu, yaani kutoka sura hii kwenda ile, napenda nikumbushe kwamba hata katika karatasi njia hizo hazikushuka pamoja na maneno. Ziliwekwa na watu kwa ajili ya kumsaidia msomaji. Sura za Biblia tunazozijua hupewa Stephen Langton, Mwingereza wa mwanzo wa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Kwa upande wa Msahafu, nukta na alama za irabu ziliongezwa baada ya maandishi ya mwanzo, na mapokeo huwataja Abul-Aswad ad-Duali na baadaye Khalil bin Ahmad, ili watu wasiozaliwa na Kiarabu wasikosee kusoma. Juzuu 30 na hizbu 60 ni mgawanyo wa kumwezesha mtu kukadiria kisomo chake. Kwa hiyo anayemsaidia msomaji aione njia yake hachezei maandiko. Anaendeleza kazi ya zamani sana.

Katika simu kazi hiyo imerudi nyuma. Simu ya mzee wangu ilikuwa na maneno ya Kiswahili ndani, lakini orodha ya vitabu ilikuwa ya Kiingereza. Mtu aliyekariri tangu utotoni Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu, Kumbukumbu la Torati, anatakiwa aanze upya. Vifupisho navyo havina mkataba, kila programu ina vyake. Mkatoliki akiingiziwa Biblia ya vitabu 66 badala ya vitabu 73 alivyovizoea, atamtafuta Tobiti na Yoshua bin Sira mpaka betri iishe, wala hapana mahali palipoandikwa kwamba havimo. Katika Zaburi kuna hesabu mbili, ya Kiebrania na ile ya Kilatini cha zamani, na kwa sehemu kubwa ya kitabu hupishana kwa namba moja, hata Zaburi inayojulikana na wengi kuwa ya 23 katika vitabu vya kale vya Kikatoliki ni ya 22. Kitabu kizuri cha karatasi huziandika zote mbili. Programu nyingi huandika moja na kunyamaza.

Waislamu tusijione tumepona. Tafsiri zetu za Kiswahili zina historia ndefu, nyingine zenye ubishi. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na kisha wa Kenya, ilitoka kamili mwaka 1969. Ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ilitoka mwaka 1995, na hiyo ndiyo iliyoenea zaidi katika kompyuta na simu. Juu ya siasa za Sheikh Ali Muhsin kabla ya Mapinduzi ya 1964 Chama changu kina maneno yake, na sina haja ya kuyarudia hapa. Kiswahili chake ni cha mtu aliyekinywa kisimani. Tafsiri zilizotolewa na Jumuiya ya Ahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, kwa hiyo namba zao hupishana kwa moja na za wengine. Mtu asiyelijua hilo, akitajiwa aya msikitini na kuifungua katika programu nyingine, atadhani mwenzake ni mwongo. Ugomvi wa namna hiyo umepata kutokea mbele ya macho yangu, na mzizi wake ulikuwa hesabu, haukuwa itikadi.

Lakini lililo zito kwa Msahafu ni ukurasa. Wasiopita chuoni huenda wasilielewe upesi. Anayehifadhi Kurani hahifadhi sauti peke yake. Huhifadhi na mahali. Anajua kwamba aya fulani iko juu ya ukurasa wa kushoto, na kwamba baada yake mtu hugeuza karatasi. Ndiyo sababu Msahafu wa Madina, wenye kurasa 604 za mistari 15 kila mmoja, umekuwa ngazi ya mahafidhi ulimwenguni kote: ukurasa wake huishia mwishoni mwa aya, na haubadiliki ukinunuliwa Muscat au Mkunazini. Programu inayomimina maneno upya kila herufi zinapokuzwa huivunja ngazi hiyo. Jana aya ilikuwa juu, leo iko katikati, kesho imekatwa vipande viwili. Mtoto anayehifadhi kwa simu ya namna hiyo anajenga nyumba juu ya mchanga wa pwani. Ziko programu zinazouweka ukurasa kama ulivyo, na hizo nazisifu. Lakini mwuzaji wa Kariakoo haambiwi tofauti yake, na mzazi wa Pemba aliyemtumia ndugu yake fedha amnunulie mtoto simu hajui aulize nini.

Na alama za irabu zikiwa ndogo mno, fatha na kasra na dhuma hugeuka vumbi juu ya kioo. Kila aliyesoma Alhamdu kwa mwalimu amewahi kuonywa juu ya an'amta na an'amtu. Irabu moja ya mwisho, na maana imehama kutoka kwa Mwenyezi Mungu kwenda kwa msomaji mwenyewe. Kwa Kiswahili herufi ndogo inachosha macho, lakini kwa Kiarabu cha Msahafu inaweza kuharibu sala.

Wapo watakaosema Serikali haina dini, na kwamba mambo haya waachiwe mashehe na maaskofu. Ni kweli, na Katiba yetu katika ibara ya 19 imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hakuna anayeiomba Serikali ichague tafsiri, wala kumfundisha mtu kusali. Tunachoomba kinahusu lugha na vyombo, na lugha ni jambo la dola tangu zamani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Zanzibar ina Baraza lake. Mwaka 2021 sheria yetu ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na mwaka huo huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, siku ambayo sisi wa Chama tunaikumbuka pia kwa kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Si haki Kiswahili kipigiwe ngoma majukwaani kila Julai, na mzee wa Unguja, mahali ambapo lahaja yake ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, aambiwe dukani aandike kwa Kiingereza.

Tena yafaa viongozi wakumbuke kwamba aliyeshindwa kuisoma Zaburi kwenye kioo ndiye huyo huyo tunayemtaka asome kwenye kioo hicho taarifa za pensheni, za ardhi na za vitambulisho. Programu za Serikali nimezipitia kadhaa. Baadhi zina maradhi haya haya, ila watu hawazilalamikii kwa uchungu ule ule, kwa sababu hawazipendi kwa moyo ule ule.

Wengine husema sauti itamaliza yote: simu itasoma, mzee asikilize. Sauti ni neema kubwa kwa vipofu na kwa wasiojua kusoma, na Kurani yenyewe ni ya kusomwa kwa sauti. Lakini anayesikiliza huenda na msomaji anakompeleka. Anayesoma anaweza kusimama, kurudi, kulinganisha mahali na mahali, na kumwuliza padri au shehe swali ambalo hakutazamiwa kuuliza. Nisingependa kuona raia wa nchi hii anapokonywa uwezo huo kwa kisingizio cha kumrahisishia.

Na wako wanaosema watengenezaji wako mbali, Marekani na kwingineko, na programu zao wametupa bure, hivyo tusilalamike. Shukrani tunazo. Programu ya Biblia iliyoenea kuliko nyingi ilianza kutolewa kwa simu mwaka 2008 na kanisa moja la jimbo la Oklahoma, na maandishi ya Kurani yaliyosahihishwa kwa ajili ya kompyuta yalianza kutayarishwa na watu wa kujitolea wa Tanzil mwaka 2007, wakayagawa bila malipo. Kazi kubwa hizo. Lakini mgeni akikujengea nyumba bure, kumwonyesha mlango unapotakiwa kukaa si utovu wa shukrani. Isitoshe, kazi ya namna hii tumepata kuifanya wenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye amri zake zote kwa Kiswahili. Walikaa wakatafuta neno kwa kila kitufe. Msamiati ule haukupaswa kuishia kabatini.

Katika msamiati wenyewe ningeomba kiasi. Wataalamu wametupa tarakilishi, ngamizi na rununu, nami sina ugomvi nao, ila katika mtaa mzima wa maduka niliopita na mzee sikusikia hata mmoja akisema rununu. Wanasema simu, kioo, bando, kufungua, kufunga, kurudi nyuma. "Mipangilio" imekwisha kukubalika kwa kuwa simu nyingi zimeiandika. Kitufe cha kukuzia herufi kiitwe "Kuza herufi" na kiwekwe mahali pa kuonekana. Nina hakika mzee wangu angekibonyeza bila kumwuliza mtu.

Twaona basi kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar wangeweza kuitisha meza moja, wakawaalika Chama cha Biblia, BAKWATA, Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili na vijana wetu wanaoandika programu. Hapahitajiki semina ya siku tano hotelini. Meza hiyo ingetoa karatasi chache: orodha moja ya majina ya vitabu na vifupisho vyake, orodha ya majina ya watu na sura zake mbalimbali, Musa na Mose, Yasini na Ya-Sin, na orodha ya mizizi ya maneno pamoja na ndugu zake, ambayo itifaki za zamani zimekwisha kuianza. Karatasi hizo ziwekwe wazi kwa kila mtengenezaji, awe wa Kijitonyama au wa Marekani, azitumie bila malipo. Ingefaa pia programu zitakazozifuata zifanye kazi bila bando, maana kisiwani mtandao hupotea, na mtu hapaswi kununua bando ili asome kitabu alichokwisha kuwa nacho. Mambo ya tafsiri ipi ni bora wabaki nayo wenye dini. Na wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao kwa kweli ndio maktaba kuu ya nchi hii siku hizi, wafundishwe kumwuliza mnunuzi maswali mawili tu: umezoea tafsiri gani, na macho yako yanaonaje?

Kijana wetu wa dukani aliuliza la pili baada ya kuona shida. Alitafuta kwa robo saa nzima, akaipata mahali ilipofichwa ile namna ya kukuza herufi, akamwekea mzee hadi kioo kikabeba mistari sita. Tafsiri ya Muungano hakuweza kuipata siku ile, kwa kuwa mtandao ulikuwa unasuasua na boti ya jioni haingoji. Mzee alilipa. Kisha akaomba kalamu, akaigeuza tiketi yake ya boti, na kwa mwandiko wa watu waliosoma zamani akaandika nyuma yake: Musa, Mose. Ibrahimu, Abrahamu. Yusufu, Yosefu. Akaikunja, akaitia ndani ya mfuko wa simu, akauliza kama kuna wengine waliobadilishwa majina. Kijana hakujua, wala mimi. Tulishuka naye mpaka bandarini, na alipokuwa akipanda ngazi ya boti alikuwa bado ameishika ile kalamu, ambayo kijana alimwambia abaki nayo.